Kupanda milima isiyo na foleni ukitokea Arusha au Moshi: Longido, Hanang, Lengai na Shengena

Anayepanda Kilimanjaro anauziwa kila kitu pamoja: kibali, mpishi, wapagazi, hema, hata maji ya moto ya kunawa asubuhi. Milima ya pembeni haina utaratibu huo. Mingi haina kambi wala watu wengine njiani, na ukishaacha kijiji huenda usikutane na tone la maji mpaka urudi. Ndiyo maana watu wenye pumzi nzuri, waliofika Uhuru bila shida, wanakwama Hanang saa 8 mchana na chupa tupu mkononi. Pumzi wanayo. Walichokosa ni hesabu ya muda na maji, kwa sababu Kilimanjaro walifanyiwa hesabu hiyo na wenzao.

Urefu wa mlima hauelezi ugumu wake

Ol Doinyo Lengai una mita 2,962. Hanang una mita 3,420. Kwa karatasi Hanang ni mkubwa, lakini ukiuliza waliopanda yote miwili, wengi watakwambia Lengai ndio uliowatoa jasho. Lengai unaanzia chini kabisa, kwenye bonde la Ziwa Natron lenye joto kali, na mteremko wake hauna mahali pa kupumzisha miguu. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mlima tafuta mambo matatu: mita utakazopanda kutoka unapoanzia hadi kileleni, maji ya mwisho yako wapi, na chini ya mguu kuna nini, yaani udongo, mwamba, majivu au mizizi.

Usishangae ramani mbili zikitofautiana kwa mita kadhaa. Longido utaukuta umeandikwa 2,637 kwenye ramani moja na 2,629 kwenye nyingine. Simu nayo ina kasoro yake: baadhi ya programu zinaonyesha urefu wa setilaiti usiosahihishwa kulingana na usawa wa bahari, na kwa ukanda huu wa kaskazini tofauti ni kama mita 15 hadi 20 pungufu. Ukifika juu na simu inasema bado, tazama kama kuna ardhi iliyo juu yako. Kama haipo, umefika.

Hesabu ya muda

Kwenye njia ya mlima yenye mwinuko mkali, mtu wa kawaida mwenye begi hupanda mita 300 kwa saa. Ongeza dakika 10 za kupumzika kwa kila saa. Kushuka huchukua karibu theluthi mbili ya muda wa kupanda. Kwenye changarawe na majivu huchukua zaidi, wala usijidanganye kwamba utateremka mbio.

Chukua Hanang, wenye takriban mita 1,600 za kupanda kwa njia ya Jorodom. Mita 1,600 kwa mwendo wa 300 ni saa 5 na dakika 20. Weka mapumziko, inakuwa kama saa 6 na dakika 20. Ukianza saa 12 kamili asubuhi unafika saa 6 na dakika 20 mchana, unakaa juu dakika 20, unashuka kwa saa 4 na robo, unafika chini kabla ya saa 11 jioni. Kuna akiba ya saa moja na nusu kabla ya giza. Sasa anza saa 2 asubuhi, kama wanavyofanya wanaosubiri chai hotelini: unafika chini karibu saa 1 usiku. Huku kwetu jua likizama giza halisubiri. Dakika 20 au 25 tu na huoni unapokanyaga.

Kutokana na hesabu hiyo weka saa ya kugeuka na umtajie mwongozaji kabla ya kuanza. Kwa Hanang ni saa 7 mchana. Ikifika mnageuka, hata kama kilele mnakiona. Kusema asubuhi ni rahisi, kusema saa 7 mchana ni vigumu, ndiyo maana inasemwa asubuhi.

Maji

Nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na lita moja ya akiba. Longido hiyo ni lita 5, Hanang lita 6. Ndiyo, ni kilo 6 mgongoni, na watu wanajaribu kukwepa hapo. Njia ya halali ya kupunguza mzigo ni kuficha maji ya kurudia. Panda na chupa zote mpaka unapotoka msituni au unapofika kwenye alama isiyopotea, mfano jiwe kubwa au mti ulioungua, acha lita moja na nusu, piga picha mahali hapo na uweke alama kwenye ramani ya simu. Funga chupa kwa kamba juu ya tawi jembamba. Ukiiweka chini nyani wataitoboa.

Maji matupu hayatoshi kwa siku ya saa 10 ya jasho. Weka glukosi na chumvi kidogo kwenye chupa moja, au beba pakiti mbili za ORS kutoka duka la dawa. Mtu anayekunywa maji mengi huku kichwa kinauma, misuli ikikaza na hamu ya kula imekwisha, mara nyingi anahitaji chumvi.

Chakula kiwe kile tumbo lako linakijua: viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, mayai, karanga, ndizi. Nyama choma ya jana usiku iliyofungwa kwenye karatasi iache kwa ajili ya kurudi.

Kibali: mlima ni wa nani?

Swali hili linachanganya watu kuliko njia yenyewe. Mlima ulio ndani ya hifadhi ya taifa, kama Meru, unalipiwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Hanang na msitu wa Chome wenye kilele cha Shengena ni hifadhi za misitu ya mazingira asilia, ziko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Mlima Loolmalasin, pamoja na kreta za Olmoti na Empakaai, uko ndani ya eneo la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Longido unapitia ofisi ya utalii wa utamaduni ya palepale Longido. Lengai unapita mageti ya halmashauri na vijiji njiani, kila moja na tozo yake.

Hifadhi hazipokei fedha taslimu getini. Unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki, kisha unaonyesha stakabadhi. Fanya hivyo siku moja kabla, ukiwa bado mjini kwenye mtandao; ofisi za TFS za wilaya zinafungwa jioni na wikiendi huenda usimpate mtu. Raia beba kitambulisho cha NIDA au namba yake, vinginevyo utapangiwa bei ya mgeni. Kwa mageti ya vijiji beba fedha taslimu noti ndogondogo, na usiondoke bila risiti, kwa sababu geti linalofuata litaiulizia.

Mwongozaji wa palepale si hiari. Anajua njia ya ng'ombe na njia ya mlima zinapoachana, na hapo ndipo wengi hupotea. Ukikubaliana naye bei, taja pia chakula chake, maji yake na nauli yake. Ugomvi mwingi wa jioni unatoka hapo. Huenda akapanda na katambuga za tairi. Usimwige.

Vitu vya kubeba

Buti lenye meno chini na linaloshika kifundo. Soko la Memorial pale Moshi lina buti za mitumba nzuri kwa anayejua kuchagua: kunja soli kwa mikono miwili, ikivunjika katikati iache, kisha bonyeza kwa kucha pale soli inapokutana na ngozi. Buti lililokaa miaka stoo linaonekana jipya, lakini gundi yake imeshakufa na soli itaachia siku ya kwanza ya mlima. Arusha na Moshi pia kuna maduka yanayokodisha vifaa kwa siku.

Mengine: tochi ya kichwani na betri za ziada, hata kama unapanga kurudi mchana, jaketi la mvua, sweta zito, fimbo mbili, kofia, filimbi, pawabanki, ramani iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kuondoka. Joto hushuka karibu nyuzi 6 hadi 6.5 kwa kila mita 1,000. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi. Mjini kukiwa na nyuzi 24, kilele cha Hanang kina kama 11, na upepo unaifanya ihisiwe chini zaidi. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo kwa ajili ya kukinga simu na nguo kavu tafuta mfuko wa turubai au kopo lenye kifuniko.

Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Kucha ndefu hugonga mbele ya buti kwenye mteremko na jioni zinakuwa nyeusi. Kufunga kamba nako kuna namna mbili. Wakati wa kupanda, kaza sehemu ya mguu na legeza kifundo ili kiweze kukunjika. Kabla ya kushuka, keti, vua, toa mchanga, nyoosha soksi, gonga kisigino nyuma ya buti mara mbili, kisha kaza kifundo barabara ili vidole visisogee mbele. Dakika 5 hizo zinaokoa wiki nzima ya kuchechemea.

Anza na Longido

Panda Noah au Coaster za Namanga kutoka Arusha. Longido uko kando ya barabara ya lami, kama kilomita 80. Lala pale usiku mmoja, anza saa 12 asubuhi. Takriban mita 1,300 za kupanda, saa 8 hadi 10 kwenda na kurudi. Chini ni vichaka vya miiba na njia za mifugo, katikati ni msitu wa ukungu, juu ni mwamba. Eneo hili lilipiganiwa tarehe 3 Novemba 1914, Waingereza walipotokea upande wa Kenya kuwashambulia Wajerumani wakarudishwa nyuma.

Hatari ya msituni ni nyati. Mwongozaji hutangulia, nanyi mnaongea kwa sauti ya kawaida kwenye kona. Kunyamaza ndiko kunakomshtua mnyama. Mwongozaji akisimama, simameni. Msizunguke kumpita ili mpige picha. Mwamba wa juu unahitaji mikono: pointi tatu zishike wakati wote, mguu mmoja au mkono mmoja tu ndio unaosogea. Mwamba ukiwa umelowa kwa ukungu, ishia chini yake.

Hanang

Basi la Arusha kwenda Singida linapita Babati na kukushusha Katesh, mlima ukiwa juu ya mji. Ni siku nzima ya safari, hivyo ukitokea Moshi panga siku tatu: kwenda, kupanda, kurudi. Asubuhi ya kupanda chukua bodaboda ya saa 11 alfajiri hadi mwanzo wa njia ya Jorodom, na uipange jana yake.

Njia inafuata mgongo wa mlima na haina maji. Kosa la Hanang ni kilele cha uongo. Unafika mahali unapodhani umemaliza, kisha unaona kilele chenyewe mbele, na kati yenu kuna mgongo mwembamba wenye kupanda na kushuka. Hesabu zaidi ya saa moja hapo, kwenda tu. Kama umefika kilele cha uongo baada ya saa 6 mchana, piga picha ugeuke. Mgongo huo si mahali pa kuwa radi inapoanza kunguruma, na mawingu ya mchana hujikusanya juu kabla hujayatarajia.

Masika na vuli zikikaza, Hanang uachwe. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ziliporomosha matope na mawe kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki. Udongo ulioshiba maji hautoi onyo linaloeleweka kwa mpita njia. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, na Januari na Februari kama vuli haikuchelewa kuisha.

Lengai

Usianze na huu. Barabara yake ni Mto wa Mbu, Engaruka, kisha Engare Sero. Zaidi ya kilomita 100 kutoka Mto wa Mbu, sehemu kubwa vumbi na mawe, hivyo gari liwe na magurudumu mawili ya akiba. Fika mchana, lala jioni mapema, amka saa 4 usiku. Kupanda kunaanza saa 5 au 6 usiku kwa sababu moja: jua. Mlima hauna kivuli, na ukikutwa na jua la saa 4 asubuhi bado uko juu, joto la majivu linakukausha kutoka chini na kutoka juu kwa pamoja.

1. Sehemu ya kwanza ni nyasi na majivu laini. Nenda polepole kuliko unavyotaka. Anayekimbia hapa hutapika baadaye.
2. Katikati kuna makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua. Vaa glavu mapema, majivu yaliyoganda yanachuna kama msasa.
3. Juu mteremko unakaribia nyuzi 45. Chini kuna ganda gumu, juu yake changarawe ndogo zinazoviringika. Usiweke unyayo wote. Wakati wa kupanda piga ncha ya buti mpaka ivunje ganda. Wakati wa kushuka geuka ubavu na ukate kwa ukingo wa soli. Fimbo ziwe upande wa juu.
4. Achaneni umbali wa pembeni, msifuatane kwenye mstari mmoja. Jiwe linaloachia kwa wa juu ndilo linalompiga wa chini. Kofia ngumu hapa ni lazima.

Kreta ilibadilika sana baada ya milipuko ya 2007 na 2008. Palipokuwa na sakafu ya kutembea pakawa na shimo refu. Ukingo wake umeliwa kwa chini, kwa hiyo unaposimama huenda pana hewa tupu chini yake. Kaa nyuma, pale mwongozaji atakapokuonyesha, na usishuke ndani kwa sababu ya picha. Lava ya Lengai ni ya aina ya pekee duniani: ina nyuzi kama 500 hadi 600 tu, chini ya nusu au karibu nusu ya joto la lava za kawaida, ni nyeusi, nyepesi kama mafuta, na ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mchana haing'ai, kwa hiyo iliyo moto na iliyopoa zinafanana machoni. Moshi ukikujia usoni, ondoka upande upepo unakotoka.

Usikae juu zaidi ya nusu saa baada ya jua kuchomoza. Wenyeji ni Wamasai na mlima ni wa ibada kwao. Kama kuna watu waliokuja kuomba, wapitie mbali na kamera ikae begini.

Shengena kwa wa Moshi

Huu ni wa kupumzikia. Mita 2,462 hivi, kilele cha juu kuliko vyote Upare. Shuka Same, panda gari la mlimani kwenda upande wa Chome au Mbaga. Magari hayo yana saa zake na ukilikosa la asubuhi siku imeisha. Hapa tatizo si maji wala mwinuko, ni utelezi: mizizi, majani yaliyooza, ukungu. Fimbo mbili na jaketi la mvua hata Agosti. Njia za wakata kuni na wavuna dawa zinagawanyika kila baada ya hatua chache, kwa hiyo rekodi njia kwenye simu tangu unapoanza, ili urudi kwa mstari uleule.

Ukitaka kufika juu ya mita 3,500 baada ya hapo, Meru unafaa kuliko kukimbilia Kilimanjaro. Askari mwenye silaha anaongozana na kila kundi, kuna mabanda ya kulala Miriakamba na Saddle, na Meru Mdogo wenye mita 3,820 unaupanda jioni kutoka Saddle kwa kama saa moja. Asiyejisikia vizuri pale asiendelee usiku kwenda mita 4,566. Kichwa kikiuma na tumbo kuchafuka, tulia. Ukiongezea kuyumba unapotembea au kukosa pumzi ukiwa umekaa, unashushwa saa ileile, hata kama ni giza.

Kilele cha kisiwa

Wapo wanaotaka kilele cha kila kisiwa wanachotembelea, na ni mchezo mzuri. Visiwa vya volkano na vya mwamba ni mlima kamili: Karthala wa Ngazija, kule Komoro, una mita 2,361, bado uko hai, na hesabu ya maji na ya kreta ni ileile ya Lengai. Morne Seychellois wa Mahé, kisiwa cha mwamba wa graniti kule Shelisheli, una mita 905 tu lakini unaanzia baharini, kwenye joto na unyevu, hivyo maji yapande hadi karibu lita moja kwa saa.

Visiwa vya matumbawe vina shida tofauti: kilele hakionekani. Unguja haivuki sana mita 120, na ardhi yake ya juu iko kwenye mgongo wa Masingini, ndani ya msitu wa hifadhi karibu na mji. Ukiwa palepale huoni kama uko juu, maana miti imefunga kila upande. Omba ruhusa ya kuingia msituni, kisha tafuta kwa mistari: tembea mgongo wote kutoka upande mmoja hadi mwingine, andika urefu kila mita 50, rudi kwenye tarakimu kubwa kuliko zote na uache simu ardhini dakika 10 itulie kabla ya kusoma. Pemba ni hivyohivyo, isipokuwa vilima ni vingi na vinakaribiana urefu, kwa hiyo tenga siku mbili na ukodi pikipiki.